Mama kahamia Dar presha ikapanda, ni chumvi au mji wenyewe?

Mtoto_wa_Makambako:
Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 61, maisha yote kakaa Njombe analima, presha alikuwa anaisikia kwa wenzie tu. Mwaka jana nikamleta Dar akae na wajukuu, sasa kila akipimwa ni 160 kwa 95 au zaidi, dawa kaanzishiwa, na mezani chumvi hatuweki kabisa. Shangazi anasema ni mawazo ya kuacha shamba, jirani anasema joto. Wenye uelewa nisaidieni.

BiMkubwa_Jikoni:
Ya mezani achana nayo, tafuta iliyojificha. Maharage mnachemshia magadi? Magadi ni sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi, ndiyo inayopandisha presha, hata kama mdomoni husikii chumvi. Jumlisha mchuzi miksi wa pakiti, mkate wa asubuhi, ng'onda, soseji za watoto anazomalizia yeye. WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wamehesabu kila kitu.

kitaa_doctor:
Joto msilisingizie, kwa kawaida presha inapanda zaidi kipindi cha baridi. Ila mji una mchango, kuna utafiti ulitoka 1990 wa Wajaluo waliotoka kijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, presha zao zikawa juu kuliko za waliobaki, na mkojo ukaonyesha sodiamu imepanda, potasiamu (madini ya kwenye mboga na viazi yanayosaidia kushusha presha) imeshuka. Mama kule alikuwa anakula viazi, maharage, mboga za majani na kutwa yuko na jembe, huku kakaa kwenye kochi anakula mkate, hapo unategemea nini?

Mpemba_Original:
Isije ikawa mmepanga nyuma ya baa 😂 ila siyo utani, kelele za usiku zinaharibu usingizi na mwili haupumziki, presha nayo haishuki inavyotakiwa. Na moshi wa mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha.

Mtoto_wa_Makambako:
Baa ipo nyumba ya tatu 🙈. Magadi dada anaweka kila siku ya maharage. Halafu maji yetu ni ya kisima, chai ukiinywa bila sukari chumvi unaisikia kabisa, nayo inahesabika?

kitaa_doctor:
Inahesabika sana. Pwani ya Bangladesh wamelifuatilia hilo, wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi presha zinawasumbua zaidi. Ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia, ya kunywa na kupikia nunua au kinga ya mvua. Maharage loweka usiku kucha yataiva bila magadi. Dawa asiache hata namba zikishuka, mpaka daktari aseme, na hizo chumvi mbadala zenye potasiamu msinunue kabla hajapimwa figo. Siku ya kupima akae kwanza dakika 5 bila kuongea, siyo katoka kusimama kwenye daladala anafungwa kipimo hapo hapo.

BiMkubwa_Jikoni:
Na mpeni kibustani hata cha kwenye ndoo, mchicha na matembele, mama wa Njombe hawezi kushinda kwenye tivii.