Mrejesho: CA 19-9 ya juu kwa mgonjwa mwenye manjano

Niliuliza kama CA 19-9 (kiashiria cha saratani kinachopimwa kwenye damu) ya 860 U/ml, kwa mgonjwa wa saratani ya mfuko wa nyongo mwenye manjano, inatosha kusema saratani imesambaa. Ahsanteni sana mliosema "zibueni nyongo kwanza". Stenti (kijibomba cha kuzibua njia ya nyongo) iliwekwa, bilirubini, yaani rangi ya nyongo inayoleta manjano, ikashuka, kipimo kikarudiwa maabara ileile: 148. Bado imevuka 37, kikomo cha kawaida, ila sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na nyongo iliyoziba tu. CEA, kiashiria kingine cha saratani, haikusaidia: ilisoma 3, ambayo ni kawaida. Sitiskani ilionyesha uvimbe umepenya ini lililo jirani (kiwango cha uvimbe T3), bila dalili ya kusambaa mbali. Kamera ya tumboni (laparoskopi, inayoingizwa kupitia tundu dogo la ngozi), ambayo nusura tuiruke, ikakuta vipele vyeupe kwenye utando wa tumbo. Biopsi (kipande kilichokatwa na kupimwa) ikathibitisha: M1, yaani imesambaa mbali, hatua ya IVB, ya mwisho. Upasuaji umeachwa, anaanza dawa za kemotherapi, gemsitabini na sisplatini.