Mashine ya kukaushia chakula: ninunue ipi nimpelekee mama Ujiji?

Kutoka: Wa Ujiji, niko Columbus, Ohio

Ndugu zangu, mwakeye. Na walioko Ulaya, habari za baridi.

Naenda nyumbani Novemba, wiki tatu. Mama ana miembe mitatu nyuma ya nyumba na kila mwaka ni yale yale: maembe yanaiva yote kwa mpigo, ya kuliwa yanaliwa, ya kugawa yanagawiwa, yanayobaki ni ya nzi na mbuzi wa jirani. Mwaka jana alikata vipande akaanika juu ya bati. Siku ya pili mvua, siku ya nne vimeota ukungu.

Hapa dukani nimeona mashine ya kukaushia, ya duara, trei tano zinapandana kama sufuria za seti, wati 600. Imeshushwa bei sana. Haina swichi wala kitufe, ukichomeka inawaka. Muuzaji anasema nikinunua adapta itafanya kazi popote duniani. Nichukue? Na mama anauliza kama dagaa wanaingia.

Kutoka: Dada wa Mwanga, Kigoma mjini

Mdogo wangu, mama yako mfikishie shikamoo yangu, halafu hiyo mashine iache hapo hapo dukani.

Naongea kama mtu aliyeungua. Nilikaa Kanada miaka tisa, nikarudi na mashine kama hiyo unayoitaja, duara, wati 600. Mimi pia niliambiwa adapta inatosha. Nikaichomeka jikoni kwa mama, nikapanga ndizi, nikaenda zangu uani kukinga maji. Ndoo haijajaa nikasikia harufu ya plastiki. Narudi nakuta trei ya chini imelegea kama bigijii, ndizi zimedondokea kwenye feni, na mama kasimama na jagi la maji anataka kuimwagia. Nilimdaka mkono.

Hesabu yake ni hii. Umeme wa huko kwenu ni volti 120, wetu ni 230. Adapta inabadili umbo la miguu ya plagi tu, volti haizigusi. Koili iliyotengenezwa itoe wati 600 kwa volti 120, ukiipa 230 inavuta karibu wati 2,200. Siyo mara mbili, ni karibu mara nne. Ndiyo maana hata dakika tano haikufika.

Utasema basi nitanunua transfoma. Nilinunua pia, baada ya msiba. Kwa mashine ya wati 600 unahitaji transfoma ya 1,000 ili isichemke, na transfoma ya 1,000 ni donge la chuma; litakula kilo zako za begi kabla hujaweka hata kanga ya mama. Halafu kuna kitu ambacho transfoma haikirekebishi. Umeme wa Marekani unapiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Feni nyingi zitazunguka polepole kidogo, na baadhi ya taima zinazohesabu kwa mapigo ya umeme zitachelewa: uliyoitega saa 10 itazima baada ya saa 12.

Kwa hiyo jambo la kwanza usiangalie trei wala bei. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma au chini. Kikiandikwa 220–240V, 50Hz, endelea na mazungumzo. Kikiandikwa 120V, 60Hz, rudisha rafuni, hata kama wanakupa bure.

Kutoka: Kaka wa Kibirizi, Gothenburg

Bure kabisa nichukue mimi, dada, nitaing'oa feni!

Naongeza moja tu. Mimi nilikausha dagaa ndani ya fleti. Harufu ilikaa kwenye mapazia mpaka Pasaka. Jirani wa juu aligonga mlango akauliza kwa upole kama kuna mnyama amefia ukutani. Mwambieni mama wa Ujiji dagaa hapana.

Kutoka: Wa Ujiji, Columbus

Dada, nimeirudisha. Nilikuwa tayari nipo kwenye foleni, unanidai soda.

Sasa nisaidie zaidi. Binamu yangu yuko Reading, Uingereza, naye anakuja Novemba hiyo hiyo. Nimuagize yeye? Na achukue ya namna gani? Ziko za duara na ziko za boksi kama mikrowevu ndogo, bei zimeachana sana.

Kutoka: Dada wa Mwanga, Kigoma mjini

Muagize yeye, ndiyo. Umeme wa Uingereza volti zinalingana na zetu, na plagi yao ya miguu mitatu ya bapa ndiyo hii hii ya kwetu, hata adapta hauhitaji. Angetoka Ujerumani volti zingekuwa sawa vile vile, ila plagi ni ya miguu ya duara, ingebidi akate aweke nyingine yenye waya wa ethi.

Duara au boksi: kwa maembe, boksi. Nakueleza kwa nini.

Zile za duara nyingi feni na koili ziko chini, hewa inapanda kupitia trei moja hadi nyingine. Trei ya chini inakauka kwanza, ya juu bado mbichi, kwa hiyo kila saa mbili unazihamisha, ya chini juu, ya juu chini. Kwa mchicha siyo tatizo. Lakini embe la Ujiji likishaiva unalijua, ukilikata linatiririka hadi kwenye kiwiko. Ule mchuzi unashuka trei kwa trei na unaishia kwenye mota. Yangu ya pili ilikuwa hivyo, ya volti sahihi kabisa, na sisimizi waliijua kabla sijamaliza msimu.

Za boksi feni iko nyuma, inapuliza hewa kulala, kila trei inapata yake. Unafungua mlango, unavuta trei moja kuangalia, unarudisha. Na ukitaka kukausha kitu kikubwa, rojo la matunda lililotandazwa mpaka likunjike kama ngozi, au hata kuumulia unga wa maandazi siku ya baridi, unatoa trei za katikati nafasi inapatikana. Ubaya wake ni ukubwa na bei, na trei za nyavu za plastiki zinavunjika pembe. Akipata yenye trei za chuma kisichoshika kutu, achukue hiyo. Idadi ya trei isimdanganye. Apime upana: trei sita pana zinashinda kumi nyembamba, na ile ya duara ina tundu katikati ambalo halibebi kitu.

Kitu ambacho sitakusamehe ukikikosa ni kitufe cha joto. Ile ya kuchomeka-inawaka ina joto moja tu na hulijui ni lipi. Matunda yanataka kama nyuzi 57, majani ya chai na viungo 35 mpaka 40. Ukiwa na haraka ukapandisha mpaka 70, embe linajifunga ganda gumu nje na maji yanabaki ndani. Unaliona limekauka, unaliweka kwenye chupa unafurahi, baada ya wiki mbili ukifungua linanuka pombe. Mashine ya mama nimeitia alama ya rangi nyekundu ya kucha pale kwenye 57. Miwani haitafuti, anazungusha mpaka kwenye ukucha.

Taima nayo ni muhimu kwa sababu mama atalala. Vipande vya embe vya unene wa nusu sentimita vinachukua saa 8 mpaka 12, inategemea na hewa ya siku ile. Siku ya mvua ya ziwani, saa mbili zaidi.

Kutoka: Wa Tabora, Leicester

Samahani nyie watu wa ziwa, naingilia. Kwetu Tabora bibi zetu wamekausha viazi vitamu tangu zamani bila waya. Ukivikata vibichi ukaanika ni michembe, ukivichemsha kwanza ndipo ukakata ukaanika ni matobolwa, na unakula mpaka masika yaishe. Kwa nini mama asitengenezewe boksi la jua? Mbao, bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, nailoni ngumu juu, matundu chini na juu hewa ipite. Fundi wa mtaani analimaliza siku moja na mita ya LUKU hailii.

Kutoka: Dada wa Mwanga, Kigoma mjini

Ndugu wa Tabora, karibu ziwani, na sikupingi. Nami nina boksi la jua uani. Lakini angalia kalenda. Michembe yenu mnaikata kiangazi, jua kali, upepo mkavu. Huku dagaa na muhogo nao wana Juni mpaka Septemba yao, wanatandazwa Katonga na Kibirizi juu ya mchanga au kwenye chanja na jua linafanya kazi bila malipo. Maembe yana adabu mbaya, yanaiva mvua zikishaanza. Mvua zetu zinaingia kama Oktoba na hazitoki mpaka Mei. Uyoga wa porini nao unakuja na mvua hizo hizo. Boksi la jua bila jua ni kabati.

Kwa hiyo mimi nimegawa: cha kiangazi kwenye chanja, cha masika kwenye mashine. Mashine yangu inalala kabatini karibu nusu mwaka na sijutii.

Dagaa nimeshajaribu, kaka wa Gothenburg hakutanii. Zaidi ya harufu, ni wingi. Ndoo moja ya dagaa wabichi ingechukua siku tatu mchana na usiku kwenye mashine ya nyumbani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, aliyekuwa na gunia la dagaa wakavu ndani alitembea kifua mbele, lakini gunia lile halikutoka kwenye mashine ya mtu. Lilitoka mchangani.

Na nyama: akitaka kukausha nyama, mashine peke yake haitoshi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe ipikwe kwanza ifike nyuzi 71 ndani, kuku 74, ndipo ianze kukaushwa. Maji yanapotoka yanaipoza nyama, na vijidudu vikishakauka pamoja nayo vinakuwa sugu kwa moto. Mimi nyama nimeacha.

Kuhusu LUKU, usimfiche mama. Mashine ya wati 500 ikikaa saa 10 inaweza kula mpaka uniti 5, kwa kawaida pungufu kwa sababu koili inazima na kuwaka. Kama mama yuko kwenye bei ya wateja wadogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, ile ina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Mizunguko 12 ya maembe ni uniti 50 hivi, jumlisha friji na taa, kashavuka, na huko ng'ambo uniti ni shilingi 350, nayo kabla ya makato. Afanye hesabu mapema asije akakulaumu wewe.

Kutoka: Wa Ujiji, Columbus

Nimempigia mama. Nimemsomea yote. Swali lake la kwanza: "Kilo ngapi zinatoka?"

Kutoka: Dada wa Mwanga, Kigoma mjini

Mwambie ukweli. Embe ni maji, zaidi ya asilimia 80. Kilo moja ya nyama ya embe, ukishatoa ganda na kokwa, inabaki kama gramu 200. Atavunjika moyo siku ya kwanza. Mpe kipande akitafune, atanyamaza.

Akikata, avichovye kwenye maji yenye ndimu vibaki na rangi. Akipanga, visigusane. Vikiwa tayari vinakunjika kama ngozi ya mkanda, na ukikiminya kipande ukiwa umekipasua hakitoi unyevu. Aviache vipoe kabisa, ajaze chupa ya kioo theluthi mbili tu, afunike, na kwa wiki nzima kila asubuhi aitikise. Akiona ukungu wa maji kwenye kioo, arudishe kwenye mashine. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wanasema mashine mbovu. Mchicha na matembele achovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha maji baridi.

Umeme ukikatika katikati asifungue mlango kila saa kuchungulia. Umeme ukikosekana usiku kucha, asubuhi apike jemu.

Kutoka: Wa Ujiji, Columbus

Binamu amekubali: boksi, trei sita za chuma, 230V, kitufe cha joto. Mama amesema sawa, ila anataka na nyavu za kuanikia, zile laini za kuzuia nzi, mita kumi. Naona hajaiamini.

Dada, ile yako iliyoungua bado unayo? Fundi hapa anauliza kama trei zinaweza kutumika.

Kutoka: Dada wa Mwanga, Kigoma mjini

Trei nne zimepona, ziko kwenye chanja la mama, anaanikia pilipili. Transfoma inashikilia mlango wa jiko. Ukija pita uione, na soda yangu usisahau.