Wapiga besi wa roki wamepangwa madaraja bila besi zao kusikika: waandaaji wa mjadala wa Mbeya mtujibu

Wakuu, salaam.

Nimejizuia kwa siku tatu nisije nikaandika matusi, lakini hasira haijapoa, na kwa kuwa waandaaji hawapokei simu wala hawajibu ujumbe, nimeona nilete suala hili hadharani.

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja jirani na Mafiati, kulifanyika mjadala wa wapenzi wa muziki wa roki ambao ulikuwa umetangazwa kwa wiki mbili nzima. Tulielezwa kwamba tutajadili na kuamua ni wapiga besi gani wa roki wenye ubunifu mkubwa kuliko wote, kwamba kiingilio ni shilingi 5,000, na kwamba kutakuwa na mitambo ya kutosha ili kila mtu asikie mwenyewe. Nilipanda bajaji kutoka Uyole na baridi yote ile ya Julai, kwa sababu ninapiga besi kwenye kwaya mwaka wa 11 sasa na sijawahi kuona watu wa mji huu wakikaa pamoja jioni nzima kuzungumzia besi peke yake. Kwangu mimi lilikuwa jambo kubwa.

Tulichokikuta mezani ni kispika kimoja cha bluetuthi, kimo chake kama chupa ya chai, kimeunganishwa na simu ya mshereheshaji. Kila mpiga besi aliyetajwa alichezewa nusu dakika kwenye kifaa hicho, kisha watu wakanyoosha mikono. Mwisho ikasomwa orodha ya kumi bora, na tangu Jumapili orodha hiyo inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ndiyo kauli ya wapenzi wa roki wa Nyanda za Juu Kusini.

Lalamiko langu ni hili: mmepigia kura kitu ambacho hakikusikika ukumbini.

Naomba nieleze kwa ajili ya wale wasioshika besi. Gitaa la kawaida la besi lina nyuzi nne, na ule mnene kuliko yote, ukiupiga bila kuubonyeza, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Unaofuata hutetemeka mara 55, wa tatu mara 73, na mwembamba mara 98. Wimbi la sauti ya ule uzi mnene lina urefu unaozidi mita 8, na kulisukuma wimbi kama hilo mpaka limfikie mtu aliyekaa safu ya mwisho kunahitaji spika pana inayosogeza hewa nyingi, ndiyo maana boksi la besi hubebwa na watu wawili. Spika ya simu huanza kutoa sauti ya maana kwenye mitetemo mia kadhaa kwa sekunde, mbali kabisa juu ya nyuzi zote nne zikipigwa wazi, na kispika cha mezani kina nafuu kidogo tu. Kinachosikika hapo ni mitetemo midogo ya juu inayoambatana na noti, halafu sikio lenyewe hujaza pengo na kumfanya msikilizaji aamini kwamba ameisikia noti yenyewe. Uzito wake hakuupata. Hakujua noti ilidumu kwa muda gani, wala mpigaji aliizima vipi kwa kiganja, na kwa mpiga besi hayo ndiyo maamuzi yenyewe.

Sasa angalieni ni vitu gani hunusurika kwenye kispika cha namna hiyo. Hunusurika makofi ya dole gumba kwenye nyuzi, solo zinazopigwa juu kabisa ya shingo ya gitaa kwenye noti nyembamba, na besi iliyopitishwa kwenye mitambo ya kukwaruza sauti. Ndiyo maana wa kwanza akawa Flea wa Red Hot Chili Peppers, wa pili Les Claypool wa Primus, na wa tatu John Entwistle wa The Who. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hao watatu ni mafundi, na sina ugomvi nao. Entwistle alipiga solo ya besi kwenye wimbo uliouzwa madukani mwaka 1965, wakati wapiga besi wengi walikuwa hawasikiki vizuri kwenye santuri, na inasimuliwa kwamba alilazimika kununua gitaa zima upya kila uzi ulipokatika kwa sababu nyuzi za aina ile hazikuuzwa peke yake. Ninamwelewa sana, maana mimi mwenyewe nyuzi zangu zikichoka nazivua, nazichemsha kwenye sufuria, nazianika, kisha nazirudisha, kwa kuwa seti mpya ya besi hapa mjini si kitu cha kupata kila ukihitaji. Lakini huyohuyo Flea mliyempa nafasi ya kwanza, kwenye albamu yao ya mwaka 1991 aliamua kwa makusudi kupunguza kupiga kwa dole gumba na kuacha noti chache zifanye kazi. Ukumbini zilichezwa nyimbo zake za kabla ya hapo tu. Kwa maneno mengine, hata mshindi wenu mmemshindisha kwa kile alichokuja kukipunguza mwenyewe.

Lililoniumiza zaidi ni la John Deacon, mpiga besi wa bendi ya Queen.

Jina lake lilitajwa na dada mmoja aliyekaa safu ya nyuma, akaomba uchezwe ule wimbo wa Queen wa mwaka 1980, Another One Bites the Dust, ambao Deacon ndiye aliyeutunga. Kwenye kile kispika ikatoka sauti kama ya mtu anayegonga kopo kwa kijiti. Watu wakacheka. Kaka mmoja wa mbele akasema hizo ni noti tatu tu, hata mtoto wake wa shule ya msingi anazipiga, na mshereheshaji badala ya kumrekebisha akacheka naye. Deacon akapata kura nne, yangu ikiwa mojawapo, na hakuingia hata kwenye kumi bora.

Ndugu zangu, besi ya wimbo ule inashuka na kutua kwenye uzi mnene uliopigwa wazi, yaani palepale kwenye mitetemo 41 ambayo kifaa chenu hakiwezi kuitoa. Mliicheka noti ambayo haikuwapo ukumbini. Kisha, Deacon anapoipiga mara ya tatu, anaiacha, na ule ukimya unaofuata ameupima sawasawa na noti, drams ikiendelea kutembea chini yake bila kutikisika. Jaribuni kuziba ukimya ule kwa noti yoyote mnayotaka na mtaona wimbo unavyokufa. Nimejaribu mara nyingi nyumbani, kwa sababu mpiga besi wa kwaya ana tabia ya kutaka kujaza kila nafasi, na ni Deacon aliyenifundisha kutoa mkono. Huyu ndiye mtu aliyempigia besi Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, kwa miaka ishirini bila kukatisha, na ndiye aliyeokota ubao wa umeme uliotupwa kwenye jalala la mtaani London, akaunganisha na spika ya kawaida ya nyumbani, akapata amplifaya ndogo ya kutumia betri ambayo Brian May, mpiga gitaa wa Queen, aliitumia kurekodi magitaa yake kwa miaka mingi. Mafundi redio wetu wa Mwanjelwa wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao. Leo Mbeya anaambiwa hana ubunifu.

Lingine ni aibu tupu. Zamu ya Metallica ilipofika ulichezwa wimbo wao wa mwaka 1984, For Whom the Bell Tolls, na sauti ile kali ya mwanzo ilipoanza kushuka ngazi kwa ngazi, mshereheshaji akasema tusubiri kidogo, hilo ni gitaa la solo, besi inakuja. Nikanyoosha mkono kusema kwamba anayesikika pale ni mpiga besi wao, Cliff Burton, na kwamba hiyo ndiyo besi yenyewe, imepitishwa kwenye mtambo wa kukwaruza sauti. Nikajibiwa, "Kaka, kaa chini, tunakwenda na muda." Sekunde thelathini zikaisha, simu ikazimwa, na Burton, aliyefariki mwaka 1986 kwa ajali ya basi nchini Sweden akiwa na miaka 24, akahukumiwa kwa sehemu ya wimbo iliyohesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

Paul McCartney amewekwa wa nane, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba amepewa nafasi hiyo kwa heshima ya Beatles. Hiyo si heshima hata kidogo. McCartney alishika besi mwaka 1961 baada ya Stuart Sutcliffe, mpiga besi wao wa awali, kuondoka kwenye bendi, na kufikia mwaka 1967 alikuwa mara nyingi anaiacha besi irekodiwe mwisho, baada ya sauti na vyombo vingine kukamilika, ili akae peke yake na wimbo mzima na kuchagua noti ipi iende chini ya kila neno. Msikilizeni kwenye nyimbo za kipindi kile: mara nyingi hakai kwenye noti ambayo kila mtu anaitarajia, anakwenda ya pembeni, na ghafla kodi ileile ya gitaa, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, inabadilika sura. Na lipo jambo linalohusu malalamiko yangu moja kwa moja. Mwaka 1966, walipotaka besi yake isikike kwa nguvu kwenye santuri, fundi wao Geoff Emerick alichukua spika kubwa, akaiunganisha kinyume ili itumike kama maikrofoni, akaiweka mbele ya spika ya besi. Watu walifikia hatua ya kutumia spika nzima kuinasa besi ya mtu huyu, ninyi mkamhukumu kwa kispika kinachoenea kwenye mkoba!

James Jamerson aliondolewa kwa hoja kwamba ni mtu wa Motown, ile kampuni ya santuri za muziki wa soul ya Marekani, na si wa roki. Hoja hiyo ninaikubali kama kanuni ya mashindano, ingawa McCartney mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba alijifunza kwake. Nisichokikubali ni jibu alilopewa yule dada wa safu ya nyuma alipomtaja Carol Kaye, mpiga gitaa wa Los Angeles aliyegeukia besi pale mpiga besi aliyetarajiwa studio alipokosa kufika, na ambaye baadaye alipiga kwenye nyimbo za Beach Boys. Dada aliambiwa kwamba wanawake watatafutiwa siku yao. Wimbo wake haukuchezwa hata kwa hizo sekunde thelathini.

Nataka mjue kwamba siandiki haya kwa ubishi wa mashabiki. Mwaka jana spika ya boksi letu la besi iliungua, na kwa miezi miwili nikawa napigia kwenye spika za waimbaji, ambazo sauti nene hazibebi. Wiki ya pili tu nilijikuta mkono umehamia juu ya shingo bila kuuamuru, kwa sababu huko ndiko nilikojisikia, na wiki ya tatu mwalimu wa kwaya akasimamisha mazoezi kuuliza kwa nini sauti ya nne wanateleza. Walikuwa wamepoteza mahali pa kusimama. Peter Hook wa Joy Division alihamia juu ya shingo kwa sababu inayofanana na hiyo, kwamba gitaa la mwenzake Bernard Sumner lilikuwa na sauti kubwa mno na chini hakujisikia, na yeye akaitumia dhiki ile kujenga namna ya kupiga ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Mmemweka wa tano na ninafurahi, lakini katika saa tatu zile hakuna aliyesema kwa nini alikwenda huko juu, na bila sababu hiyo hamjazungumzia ubunifu wake, mmezungumzia mahali alipoweka vidole.

Waandaaji, ninadai orodha ile iondolewe kwenye makundi au iandikwe wazi kwamba ilipatikana kwa kispika cha mezani. Ninadai pia mjadala urudiwe, na waliolipa shilingi 5,000 wasilipe tena. Msiniambie gharama. Nimezungumza na uongozi wa kwaya yetu, nao wamekubali boksi la besi, ambalo sasa lina spika mpya ya inchi 15, litoke kwa jioni moja pamoja na fundi mitambo wetu, na nauli ya Kirikuu nitalipa mimi. Kila wimbo uchezwe mzima. Kazi yenu itakuwa kutupatia ukumbi na tarehe, na ninasubiri mnijibu hapahapa, kwenye uzi huu, ambapo watu wote wanasoma.

Na wewe dada wa safu ya nyuma, kama unapita humu, sikulijua jina lako na sikupata nafasi ya kukuunga mkono kwa sauti siku ile. Nyimbo za Carol Kaye nimeshaziweka kwenye flashi.