Mjadala: Je, akili unde iingizwe katika zahanati za umma za Nairobi?

Msomaji wa Buruburu:
Naliweka swali hili hadharani kwa sababu wanaotibiwa katika vituo vya kaunti hawajaulizwa. Mwezi Julai 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15 za Penda Health hapa hapa Nairobi, kwa ushirikiano na kampuni ya Marekani ya OpenAI. Baadhi ya wahudumu walitibu kama kawaida, na wengine wakapewa programu inayosoma wanachoandika kuhusu mgonjwa na kuwasha rangi ya kijani, ya manjano au nyekundu kulingana na uzito wa kasoro inayoiona. Ziara za wagonjwa zilikuwa 39,849. Katika kundi lililokuwa na programu, makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Hizo ni kliniki za kibinafsi. Je, Kaunti ya Nairobi nayo iweke zana kama hiyo katika zahanati zake, na ikiwa ndiyo, nani atawajibika mgonjwa akiumia kwa sababu ushauri wake ulifuatwa, au kwa sababu ulipuuzwa?

Mstaafu wa Lang'ata:
Iwekwe, na mapema. Ila tuambizane ukweli kuhusu matokeo hayo: waliosaidiwa wengi hawakuwa madaktari bali matabibu, watu wa diploma ya miaka mitatu, na si ajabu kwamba mtu wa kiwango hicho anapata nafuu akishikwa mkono. Tena mashine ina sifa moja ambayo sekta yetu ya afya inaihitaji kuliko nyingine zote, nayo ni kwamba haigomi.

Tabibu wa Kayole:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umetukosea heshima. Baada ya diploma hiyo kuna mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha usajili na leseni chini ya sheria ya matabibu ya mwaka 2017. Katika vituo vingi vya mitaa ya Eastlands, mgonjwa hupimwa, huandikiwa dawa na hurudi nyumbani bila kuonana na daktari hata mmoja, na hilo halitokani na sisi kujipachika kazi ya watu. Linatokana na serikali kutoajiri madaktari iliyowasomesha. Na kuhusu kugoma, anayekaa bila mshahara akinyamaza hasifiwi kwa uzalendo, anasahauliwa.

Mstaafu wa Lang'ata:
Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mwezi Aprili, mgomo huo ukiwa bado unaendelea, nanyi matabibu mkaingia wenu. Sikusema hamna sababu. Nilisema tu kwamba mgonjwa alifika akakuta mlango umefungwa.

Tabibu wa Kayole:
Na mashine ingeufungua mlango huo? Ingempima nani shinikizo la damu? Programu inayozungumzwa hapa haimgusi mgonjwa wala haimuulizi neno. Inasoma kile ambacho mimi nimeandika. Nisipokuwepo, haina cha kusoma.

Mhandisi wa Ngong Road:
Ndugu zangu, haya ya migomo tuwaachie viongozi wa vyama. Kama nakumbuka vizuri, utafiti wenyewe ulionyesha kwamba makosa yalipungua karibu nusu, na kwa mafanikio ya kiasi hicho sioni kwa nini tunajadili badala ya kununua.

Mkaguzi Huru:
Mhandisi, takwimu zimo katika chapisho la kwanza kabisa la mjadala huu, na hakuna nusu popote. Kwa kuwa umezigusa, acha niongeze zile ambazo wauzaji hawazitaji. Wagonjwa walipoulizwa baadaye, waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 upande wa programu na asilimia 4.3 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kuthibitisha lolote. Maana yake ni kwamba maandishi ya wahudumu yaliboreka, lakini haijathibitishwa kwamba wagonjwa walipona zaidi. Vilevile, miongoni mwa walioandika ripoti walikuwamo wafanyakazi wa kampuni iliyotengeneza mtambo wenyewe. Sisemi walidanganya. Nasema kaunti inayotaka kutumia fedha za umma isubiri ushahidi kutoka kwa mtu asiyeuza kitu.

Mhandisi wa Ngong Road:
Ushahidi usio wa wauzaji upo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kusoma picha za eksirei ya kifua zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Je, shirika hilo nalo linauza kitu?

Mkaguzi Huru:
Picha ya mapafu ni jambo moja, nayo hujibu swali moja: je, mtu huyu apelekwe kupimwa makohozi? Ushauri juu ya kila ugonjwa unaoingia mlangoni, kuanzia upele wa mtoto hadi maumivu ya kifua, ni jambo jingine kabisa, na ruhusa ya kwanza haibebi ya pili.

Mama wa Kawangware:
Mnapigania vyeo na asilimia, nami nina maswali ya mtu anayepanga foleni. Katika zahanati ninayoijua, mgonjwa hufika na daftari la shule alilonunua dukani, na humo ndimo yanamoandikwa maradhi yake yote, kwa kalamu na kwa haraka. Hiyo programu itasoma daftari la nani? Kliniki zilizofanyiwa utafiti zilikuwa tayari na kompyuta na kumbukumbu za kidijitali. Pili, mashine ikisema niandikiwe dawa fulani na dawa hiyo haipo, si nitatumwa tu kwenye duka la dawa kama sasa? Sipingi teknolojia. Nikiwa mjamzito nilitumia huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health, ambapo mama anauliza kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Programu inayachambua maswali na yale ya hatari yanafikishwa kwa mtu. Ilinifaa kwa sababu ilinikuta na simu niliyokuwa nayo.

Mstaafu wa Lang'ata:
Tabibu anauliza mashine ingempima nani. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini kote, walianza kukabidhiwa vifaa na simu za kazi mwaka 2023. Hao wangepima, mashine ikashauri.

Tabibu wa Kayole:
Sasa umeniteremsha chini ya mhudumu wa kujitolea. Ahsante, mzee.

Wakili wa Ngara:
Nirudi kwenye swali la uwajibikaji, kwa maana limepita bila kujibiwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine pekee. Kwa hiyo kila mtengenezaji atasisitiza kwamba zana yake inashauri tu na kwamba anayeamua ni binadamu, na kwa kauli hiyo mzigo wote unamwangukia tabibu. Msichokitazama ni kumbukumbu zinazobaki nyuma. Rangi nyekundu ikiwaka, mfumo unahifadhi saa iliyowaka, kama mhudumu aliifungua, na kama alibadilisha alichoandika. Mgonjwa akifa, jambo la kwanza nitakalomwomba hakimu, nikiwa upande wa familia, ni kumbukumbu hizo. Tabibu aliyeipuuza nyekundu kwa sababu nzuri kabisa, ambayo hakuiandika popote kwa kuwa watu arobaini walikuwa wakimsubiri nje, atakuwa na kazi ngumu sana kizimbani.

Mkaguzi Huru:
Na kumbukumbu hizo zitahifadhiwa nchi gani? Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani kwa upande wa kusafirisha data za wagonjwa, na suala lilikuwa hili hili. Mji huu umeshaonja: vijana wa hapa ndio waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa mtandao ili mitambo ya OpenAI ijifunze kuukwepa. Vijana wametoa jasho. Sasa wagonjwa watoe siri zao?

Mhandisi wa Ngong Road:
Mshahara wa vijana hao unahusiana vipi na zahanati? Kila mara tukikaribia kuamua, mtu analeta ukoloni.

Mkaguzi Huru:
Sikutaja ukoloni. Umeutaja wewe.

Tabibu wa Kayole:
Wakili amesema jambo ambalo limenigusa kuliko matusi ya diploma. Nikijua kwamba kila nyekundu ni shahidi dhidi yangu, nitatii kila nyekundu. Nitaagiza vipimo ambavyo mgonjwa hawezi kuvilipia, nitatoa rufaa kwa mtu ambaye ningemtibu hapa hapa, na takwimu zitasema makosa yangu yamepungua. Kama kaunti inaitaka zana hii, mfumo uwe na mahali pa kuandika kwa mstari mmoja kwa nini sikukubaliana nayo, na sheria ndogo za kaunti ziseme wazi kwamba kutokubaliana kwa sababu iliyoandikwa si uzembe. Bila hilo nitaizima, au nitaandika maelezo mafupi kiasi kwamba isione cha kulalamikia.

Wakili wa Ngara:
Hilo la mwisho usiliandike mahali kama hapa kwa jina linalotaja mtaa wako wa kazi.

Mama wa Kawangware:
Na mgonjwa ataiona rangi hiyo? Kama imewaka nyekundu juu ya mwanangu na tabibu ameikataa, nataka niambiwe kabla sijatoka chumbani.

Tabibu wa Kayole:
Dada, ukiambiwa, utaniamini mimi au utaiamini rangi?

Mama wa Kawangware:
Itategemea jinsi utakavyonieleza.

Mstaafu wa Lang'ata:
Daktari angeeleza.