Daktari wa mbwa wangu amestaafu. Nitamjuaje mwingine wa kumwamini?

Mama Kito:
Wakuu, shikamooni walionizidi umri, na wengine habari zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie.

Nina mbwa anaitwa Kito, dume, miaka 6. Tangu akiwa na wiki 8 ametibiwa na daktari mmoja tu, naye amestaafu juzi juzi. Ndiye aliyempa chanjo zote za utotoni. Alituita kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka Kito akafikisha wiki 16, na nilipomuuliza kwa nini sindano moja haitoshi, alikaa chini akanieleza kwamba kinga aliyoinyonya mtoto kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kinga hiyo itaisha wiki gani. Nilikuwa mgeni kabisa wa kufuga mbwa, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nijione mjinga.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Kito alikataa chakula, akawa analala tu na mwili wa moto. Nikampeleka kliniki ya karibu. Daktari hakumgusa. Aliuliza "ana nini?", nikaeleza, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akamchoma, basi. Hakumpima uzito wala joto. Nikauliza ni dawa gani, akajibu "ya kumpa nguvu". Kesho yake mkojo wa Kito ulikuwa mwekundu kama majani ya chai. Nikaendesha gari kwa muda wa saa 2 kwenda kliniki nyingine. Pale walimtoa damu, wakaipaka kwenye kioo, wakaitazama kwa hadubini, wakaona babesia, wale vijidudu vya kupe vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Ila mwendo wa saa 2 ni mbali mno kwa mbwa mgonjwa. Kuna madaktari wengine wawili karibu nasi ambao siwajui. Safari hii nataka kuchagua kabla hajaugua. Niangalie nini? Niulize nini? Na Kito ni mwoga, akifika mlango wa kliniki hulala chini na kujikojolea.

Mfugaji Mkongwe:
Pole sana, mama. Nenda kwanza peke yako, bila mbwa, siku ambayo hawana msongamano. Omba kuonyeshwa jokofu la chanjo. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zikiganda au zikipata joto huharibika bila kubadilika sura, kwa hiyo utachanjiwa maji na usijue. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Mwenye kujali atakuwa na jibu tayari, na atafurahi umeuliza. Kisha omba kuona kadi ya chanjo wanayojaza: ile stika ya chupa yenye namba ya toleo inabandikwa, au wanaandika tarehe tu na kupiga muhuri?

Leseni pia uliza. Wengi huona aibu kuiuliza. Mwenye nayo ameitundika ukutani.

Nilikuwa Msaidizi wa Kliniki:
Dada, nimefanya kazi miaka 9 nikishika mbwa wakati daktari anapima, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona kwa macho.

Daktari makini huanza kumpima mbwa kabla hajamgusa. Anamtazama anavyotembea kutoka mlangoni, anavyopumua. Halafu mzani, kila safari, hata kama mlikuja wiki iliyopita, kwa sababu dozi hupigwa kwa kilo. Joto hupimwa kwa njia ya haja kubwa, na la kawaida kwa mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo anayekwambia 38.7 ni homa hajazoea mbwa. Ataubonyeza ufizi kwa kidole aone rangi inarudi upesi kiasi gani. Isizidi sekunde 2. Mbwa wako mwenye babesia angefunuliwa mdomo tu, weupe wa fizi ungeonekana. Atapapasa tezi chini ya taya na nyuma ya goti, atabonyeza tumbo taratibu huku akimwangalia mbwa usoni.

Kuhusu woga: muombe daktari kama unaweza kumleta Kito mara kadhaa apande mzani tu, ale kitu anachokipenda, aondoke. Akikubali, huyo anamjua mbwa. Mtazame anavyomkaribia. Wale wazuri niliofanya nao walichutama kwa ubavu, bila kumkazia macho, wakasubiri mbwa anuse mkono kwanza. Wale wengine walivuta kamba.

Swali moja ambalo watu hulisahau: siku akihitaji nusu kaputi, nani atakaa naye akihesabu pumzi na mapigo wakati daktari anashona? Ikiwa daktari yuko peke yake na hakuna wa kuangalia, nenda kwingine.

Na lingine. Kabla hujafika pale ulimpa Kito dawa yoyote nyumbani? Huyo wa kwanza alikuuliza?

Baba Shujaa:
Mimi naongeza moja tu: usiku. Mbwa wangu wa kwanza, mkubwa, mwenye kifua kirefu, alianza saa 4 usiku kujikakamua kutapika na hakitoki kitu, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma. Sikujua kwamba tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na kwamba hiyo ni hesabu ya saa chache. Nilipiga simu ya daktari wetu, haikupokelewa. Alikuwa daktari mzuri sana wa mchana. Shujaa hakuiona asubuhi.

Kwa hiyo muulize kila mmoja: saa 8 za usiku nimpigie nani? Akikwambia "mimi sipokei, ila mpeleke kwa fulani, namba yake hii", hilo ni jibu la kutosha.

Mama Kito:
Baba Shujaa, pole. Nimeisoma mara mbili.

Dada msaidizi, umenigusa penyewe. Ndiyo, nilimpa. Usiku ule wa homa nilimpa nusu kidonge cha ibuprofeni kwa kuwa mimi hunisaidia. Yule wa kwanza hakuuliza, nami nikaona aibu kusema. Wa pili ndiye aliuliza, "umempa nini nyumbani?", kwa sauti ya kawaida tu. Nikamwambia. Hakunikaripia. Alisema kwa mbwa dawa hiyo huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, akaongeza kipimo cha figo palepale.

Leo nimetoka kwa wale wawili wa karibu, na kwa wote nimelieleza kosa langu hilo makusudi. Wa kwanza alisema, "Ninyi wenye mbwa ndio mnaowaua." Ana jengo zuri na mashine nyingi. Wa pili ana chumba kimoja na jokofu lenye kipimajoto na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni. Aliuliza ilikuwa miligramu ngapi, akaandika. Akasema nimlete Kito apande mzani tu.

Jioni tukaenda. Alilala mlangoni kama kawaida yake. Daktari akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akampa mgongo, tukawa tunaongea mimi na yeye. Zilipita kama dakika 20. Kito akainuka, akamnusa kiatu, akaingia ndani mwenyewe. Kilo 21.4. Kabla ya ugonjwa alikuwa 23. Tunarudi Alhamisi.