Naombeni ushauri: ringi ya nyuma ya baiskeli ya gia, nichukue ipi?

Kijana wa Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya gia, tairi 26, breki za mpira. Ringi ya nyuma imechoka. Spoku zinakatika, ukiweka mpya inakatika ya jirani yake, na sasa ringi inayumba hadi inagusa breki upande mmoja. Fundi amegoma kuinyoosha tena, anasema nitafute nyingine kamili na habu yake ya katikati. Bajeti yangu haizidi 70,000. Swali langu ni moja tu: nirudi kwenye 26 au nipande 27.5? Nasikia kubwa inateleza vizuri zaidi barabarani. Nipo Arusha. Natanguliza shukrani.

Bwana Gololi
Mkuu, kwa breki za mpira baki na 26. Pale tairi linapokalia, ringi ya 26 ya gia ina kipenyo cha milimita 559, ya 27.5 ina 584. Ukipandisha, ringi inasogea juu kama milimita 12 na mipira ya breki inabaki chini yake, inagonga spoku. Halafu soma namba ndogo ubavuni mwa tairi lako, hakikisha ni 559. Kuna 26 nyingine ya baiskeli za kizamani ambayo ni 590, dukani zote wanaziita 26 na tairi haziingiliani.
Niambie mambo mawili: spoku zinakatikia upande gani, na unabeba nini?

Tembo wa Sakina
70,000 ya ringi? Ongezea taratibu ufike kwenye bodaboda, upumzishe magoti.

Mama Neema
Vijana mnapenda gia. Marehemu baba alikuwa na Phoenix, ringi za chuma za 28, kalia ya nondo. Alibeba mahindi, alibeba simenti, alitubeba na sisi kwenda kliniki. Sikumbuki kusikia spoku imekatika. Tafuta Phoenix mwanangu.

Kijana wa Mlimani
Asanteni. Zinakatikia upande wa kaseti, yale meno ya gia ya nyuma, pale zinapojikunja kuingia kwenye tundu la habu. Mzigo ni wa kawaida tu.

Bwana Gololi
Wa kawaida ni kilo ngapi? Mkoba wa shule ni mzigo wa kawaida, gunia la mkaa nalo ni la kawaida.

Kijana wa Mlimani
Ni maziwa. Madumu matatu ya lita 20, mawili ubavuni na moja juu ya kalia. Natoka nayo juu ya Ilboru nashuka mjini. Sikuona kama yanahusika, mimi nimeuliza ringi.
Na niseme tu, kuna jamaa nimeshampa 30,000 kama kishika uchumba. Ana ringi ya 27.5 iliyotoka kwenye baiskeli ya mzungu aliyemaliza safari zake. Ya breki za diski, nyepesi, ekseli yake nene kuliko yangu. Kitu kizuri, nimekishika kwa mikono yangu. Ndiyo maana nikauliza kuhusu 27.5.

Bwana Gololi
Basi swali lako lilikuwa hili tangu mwanzo.
Hiyo ekseli nene ni ya milimita 12, na habu za namna hiyo kwa kawaida zina upana wa 142 au 148. Fremu ya breki za mpira kama yako karibu zote ni 135 na ekseli ya 10. Haiingii. Hata ingeingia, ringi iliyotengenezwa kwa diski haina ukuta ulionyooka wa kubanwa na mpira. Unashuka Ilboru na zaidi ya kilo 60 za maziwa mgongoni mwa baiskeli, breki ya nyuma hakuna. Utasimamia wapi?
Kuhusu spoku: kinachoikata ni kulegea na kukaza kila gurudumu linapozunguka. Ikifika chini, uzito unailegeza. Ikipanda, inakaza tena. Chuma kinachoka pale kwenye kona. Ukibadilisha moja, jirani zake zimechoka vilevile.
Tafuta 26, ringi ya dabo, yaani ya kuta mbili, matundu 36 ya spoku. Habu iwe ya kaseti kama uliyonayo, usikubali ya friwili, ambayo meno yake yanakazwa kwenye habu kwa nyuzi kama skrubu, kwa sababu gololi zake upande wa cheni zinakaa ndani sana na ekseli inapinda ikilemewa. Kaseti yako ihamishie kwenye habu mpya. Fundi akimaliza, abane spoku mbilimbili kwa mkono kuzunguka ringi yote, kisha akague tena mkazo baada ya wiki ya kazi.

Kahawa Chungu
Wakuu, hii chai. Mtu anashusha lita 60 kila siku halafu "hakuona kama yanahusika"? Akaunti mpya, jamaa mwenye ringi ya mzungu, "kitu kizuri nimekishika". Kesho anatuwekea namba ya simu ya huyo jamaa. Hili ni tangazo.

Tembo wa Sakina
Nami nilianza kunusa. Bajeti 70,000, kishika uchumba 30,000, hesabu imekaa kidukaduka.

Mama Neema
Na kama ni kweli, maziwa kwenye dumu la plastiki si usafi. Tundu dogo, mkono hauingii kusugua. Tumia makopo ya alumini. Watoto wa watu wanakunywa hayo.

Kijana wa Mlimani
Mama, makopo nayataka, bei ndiyo inanishinda.
Kahawa, sina duka. Nimeinama kwenye baiskeli sasa hivi. Dumu la kushoto nimelifunga kwa mpira wa tyubu ya zamani maana ndoano ya kalia ilikatika. Ringi yenyewe imeliwa na breki, vumbi la huko juu linasaga kama msasa. Ukipitisha kidole ubavuni unasikia bonde, na karibu na valvu kuna ufa mwembamba unaoshika ukucha. Nitunge hayo ili iweje?
Na jamaa anasema yupo fundi wa kuchonga fremu ili ekseli iingie.

Bwana Gololi
Kahawa, huyu yupo kwenye baiskeli kweli. Mtu wa tangazo hataji bonde.
Kijana, ufa ndio ulipaswa kuanza nao. Ukuta umekuwa mwembamba, upepo wa tairi unausukuma nje, siku ukifunguka tairi linatoka mkiwa kwenye mteremko. Usipande hiyo baiskeli na mzigo, hata kwa siku moja. Na fremu isichongwe.

Kijana wa Mlimani
Maziwa ya asubuhi lazima yashuke. Na 30,000 yangu?

Kahawa Chungu
Kama ni hivyo, nimekuelewa. Mwambie jamaa akubadilishie, wenye mtumba hawakosi ringi za 26.

Tembo wa Sakina
Nina baiskeli Sakina imekaa tu, kalia ipo, ringi ya nyuma nzima, matundu 36. Nifuate PM usiku huu uichukue. Ukipata yako utanirudishia.

Bwana Gololi
Ukienda kwa jamaa beba rula. Pima ndani ya fremu, ukuta hadi ukuta, pale ekseli inapokaa. Ikisoma 135, hiyo ndiyo namba ya kumtajia kabla hajakuonyesha chochote kinachong'aa.