Naombeni ushauri: zawadi gani ya Krismasi kwa mzee niliyemfahamu mtandaoni tu?

Pumba_na_Dagaa
Habari za jioni wakuu. Nipo Kihonda, Morogoro, nafuga kuku chotara. Kuna mzee yupo Rombo, bwana mifugo mstaafu, tumefahamiana kupitia kundi la wafugaji kwenye simu. Hatujawahi kuonana.

Mwezi wa nne mdondo uliingia bandani. Asubuhi unaokota kumi, jioni kumi na tano, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Yule mzee alikesha na sisi siku tatu akiandika la kufanya. Wagonjwa watengwe, mizoga ifukiwe, isiuzwe hata mmoja, wazima wadondoshewe chanjo jichoni. Kati ya 340 walipona 210. Halafu bila kuombwa akatuma laki moja na ishirini ya chakula, akaandika "utanirudishia kwa mayai".

Sasa majogoo 60 wameshapata wateja wa sikukuu, nataka kumshukuru. Nimeshanunua doti ya kitenge ya mkewe na lita tano za asali. Nimpelekee na nini kingine? Nitatuma kwa basi.

Jogoo la Shamba
Mkuu hongera kwa kuokoa 210. Ila hukusema ulichanja lini mara ya mwisho kabla ya hapo. Mdondo hauna dawa, ukishaingia unabahatisha tu. Ile chanjo ya tone moja jichoni inatakiwa kila baada ya miezi mitatu, hata kama kuku wanaonekana wazima. Wengi tunachanja mara moja tunasahau. Mimi 2022 nilipoteza kuku 180 kwa sababu hiyo hiyo. Mwezi huu umechanja?

KondaMstaafu
Mzigo kwa basi Desemba hii? Nimepiga debe njia ya kaskazini miaka kumi na moja, nakwambia kuanzia tarehe 18 buti zinajaa magunia ya mchele na mabegi ya watu wanaokwenda kuhesabiwa kwao. Asali itavunjikia Same. Kama unaenda mwenyewe kata tiketi leo, ndani ya ofisi siyo kwa wapiga debe, na upande gari la alfajiri.

Mangi Mdogo
Rombo wapi? Mkuu au Tarakea? Huko ndiko kwetu. Mzee wa Kichaga ukimtumia asali atashukuru, lakini Krismasi anachotaka ni kuona watu uani. Amekualika?

Pumba_na_Dagaa
Amealika, ndiyo. Anasema mbuzi yupo, atachinjwa tarehe 24. Ila haiwezekani kwenda. Nimeshamwandikia kwamba kuna kazi imepatikana mgodini Geita na huko mtandao unasumbua. Naomba tujikite kwenye zawadi.

Mama Kulwa
Kwa nini haiwezekani? Nauli unayo, majogoo 60 wameuzwa. Mtu amekesha na kuku zako, katoa laki na ishirini, kakuwekea mbuzi, wewe unamtumia ndoo ya asali na habari za mgodi. Hapo kuna jambo umelificha. Halafu unaandika "alikesha na sisi". Sisi ni akina nani?

Ustadhi wa Ngamiani
Mimi Muislamu lakini nimelelewa jirani na Wakristo pale Tanga, na tarehe 25 sahani ya pilau ilikuwa inavuka ua kuja kwetu kama yetu ilivyovuka Idi. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani ina uso, ndugu yangu. Nenda.

Mama Kulwa
Na kwenye Luka 17 waliponywa wakoma kumi, akarudi mmoja. Alirudi kwa miguu yake.

Pumba_na_Dagaa
Sawa, nasema.

Rafiki wa mzee siyo mimi. Ni kaka yangu. Kuku ni wa kaka, simu ni ya kaka, walikuwa wanaandikiana tangu 2021. Kaka alifariki mwezi wa pili, ajali ya pikipiki. Kuku nikabaki nao mimi, dada yake, na mama. Mdondo ulipoingia nilifungua simu yake nitafute maelekezo ya zamani, nikiwa ndani mzee akaandika "Kijana wangu, kimya sana, vifaranga wanaendeleaje?" Mikono ilikuwa inatetemeka, kuku wanakufa mbele yangu. Nikajibu "Wanakufa mzee". Basi. Tangu siku ile ananiita kijana wangu.

Nilitaka kumwambia kuku wakishapona. Kisha akatuma pesa. Baada ya pesa ningesemaje? Ndiyo maana nimeona Geita ni njia ya upole. Atazoea ukimya kidogo kidogo, hataumia kwa mara moja. Nadhani ni busara zaidi kwa mtu wa umri ule.

Mangi Mdogo
Pole sana dada. Pole wewe na mama.

SikioLaKufa
Mnatoa pole haraka mno. Hii chai, na imeungwa tangawizi. Miezi minane mzee hajapiga simu hata mara moja? Pesa iliingia kwenye laini ya marehemu, namba ya siri umeijua wapi? Na mwanzo umeandika "nafuga", sasa kuku ni wa kaka. Kila Desemba humu unaletwa msiba, baada ya kurasa mbili inawekwa namba ya kuchangia. Nasubiri namba.

KondaMstaafu
Sikio ana hoja. Mwaka juzi tulichangia mama wa Singida, kumbe ni kijana wa Kimara.

Jogoo la Shamba
Mimi nilikuwa natilia shaka 210 kati ya 340. Kwa mdondo mkali ni wengi. Labda nusu walikuwa na chanjo ya nyuma.

Pumba_na_Dagaa
Walikuwa nayo. Kaka alichanja Januari wote isipokuwa kundi dogo lililoingia baada ya kuzikwa kwake. Hilo ndilo lililoanza kufa.

Sikio, siombi hata shilingi. Namba ya siri naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nauza mayai, yeye mikono imejaa pumba ananiambia "jibu wewe, pokea wewe". Mzee masikio yamepungua, anapenda kuandika. Alipiga mara mbili, sikupokea, nikaandika kwamba spika imeharibika. Hilo la spika linaniuma kuliko yote. Usipoamini sawa, lakini usiseme kaka yangu ni chai.

SikioLaKufa
Maelezo yanashikana. Kama ni kweli, pole kwa msiba. Kuhusu Geita sibadilishi neno. Huo ni uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Fundi Redio
Nimesoma kimya kimya miaka yote, leo naandika. Tulikuwa na mwenzetu kwenye kundi la mafundi, yupo Tabora, tumesaidiana vipuri miaka minne sura hatuijui. Alipokufa, mkewe aliandika mstari mmoja tu kwenye kundi: "Mwenye simu hii hayupo." Tuliondoka saba, kutoka Mbeya, Dodoma, Kahama. Tulikuta matanga yamekwisha lakini tulikaa kwenye mkeka na watoto, tukaangalia meza aliyokuwa akifanyia kazi. Mpaka leo sijutii ile safari. Mzee wa Rombo amenyimwa mkeka, dada. Yeye pia ni mfiwa, ila hajajua.

Pumba_na_Dagaa
Nimesoma hii mara tatu.

Lakini nikimwambia atajua nimemdanganya miezi minane. Na sikukuu yake itaharibika, watoto wake wanatoka Dar, mbuzi yupo.

Mama Kulwa
Atakasirika. Mpe nafasi akasirike, ni haki yake. Ila habari ya kifo haisemwi kwa ujumbe wa simu wala haisemwi na binti peke yake. Unakwenda na mtu mzima. Mnafika, mnasalimia, mnakaa, mnakunywa maji. Mkubwa wenu ndiye anaanza kusema. Wewe unafuata na lako, kwamba aliyekuwa anaandika ni mimi. Usilipambe. Na hiyo laki na ishirini usiibebe kama deni, alisema mayai, peleka mayai.

Mangi Mdogo
Na usiende tarehe 24 wala 25, uani patakuwa pamejaa wajukuu, mzee hatapata pa kulilia. Wahi kabla. Mkitokea Moro mnapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same, mnalala Moshi, asubuhi mnachukua gari za Rombo kupitia Himo. Mayai panga kwenye trei, shikilia mapajani, usiyaweke buti.

KondaMstaafu
Trei mbili zifunge pamoja na kamba ya katani, katikati weka kadibodi. Tiketi kata kesho asubuhi. Na asali mpeleke pia, mkononi haivunjiki.

Ustadhi wa Ngamiani
Mkipita Segera mkikwama niandikieni. Nina ndugu pale, hamtalala barabarani.

Jogoo la Shamba
Kabla hujasafiri acha mtu wa bandani anayejua kazi. Kama ulichanja mara ya mwisho Septemba, zamu yao imeshafika.

Pumba_na_Dagaa
Nimechanja juzi, kijana wa jirani atalala bandani.

Nimeongea na mama jana usiku. Hakujua kwamba najibu kwa jina la mwanawe. Alinyamaza sana, kisha akaomba nimsomee ujumbe wa mzee wote, kuanzia ule wa 2021. Tumemaliza saa tisa. Kuna sehemu kaka anamsifia mama kwa mtori aliojifunza kwa jirani Mchaga, mama hakujua kama aliwahi kumwambia mtu.

Tiketi tumekata za tarehe 20. Asubuhi nimemwandikia: "Mzee, habari ya Geita siyo ya kweli, nitaeleza nikifika. Tunakuja na mama, tarehe 21."

Amejibu sasa hivi: "Karibuni sana. Nitakuja kuwapokea stendi, nitavaa kofia ya kijani. Mwambie mama mtori safari hii tutampikia sisi."

Mama ameshika simu, hajanirudishia.